Makogai: Kisiwa cha Wakoma na Chaza

Msafiri aondokaye Suva alfajiri kwa basi, akavuka kwa feri kutoka Natovi hata Buresala, kisha akaufuata mwambao wa kisiwa cha Ovalau mpaka Levuka, mji mkongwe uliokuwa makao ya kwanza ya serikali ya Kiingereza katika Fiji tangu 1874 kabla makao hayo hayajahamishiwa Suva, akisimama ukingoni mwa bahari siku isiyokuwa na utusitusi huona upande wa kaskazini na mashariki vilima vya rangi ya samawati vilivyojitenga na nchi nyingine zote, navyo ndivyo Makogai. Mwaka 1911 serikali ilifungua huko hospitali ya wagonjwa wa ukoma, na tangu mwaka huo hata 1969 walipelekwa kisiwani kwa amri ya sheria watu wa kila jinsi: wenyeji wa Fiji, Wahindi waliokuja kulima miwa kwa mkataba pamoja na wazao wao, watu wa Samoa na Tonga, wa visiwa vya Cook na Gilbert, hata wa New Zealand, ambayo mwaka 1925 ilikifunga kituo chake kidogo cha Quail Island na wagonjwa waliokuwamo wakahamishiwa Makogai. Leo hospitali hakuna. Mahali pale pale, katika ghuba ya Dalice, idara ya uvuvi inafuga chaza.

Sikuvutwa na magofu. Mimi ni mtu wa Unguja, na kwetu tumewaona mama zetu wakiteremka pwani wakati wa maji makavu ya bamvua kwenda kufunga mwani kambani, na katika miaka hii ya karibuni wakiukuta ule mwani mnene wenye bei nzuri umegeuka mweupe, umelainika na kukatika vipande, hata wengi wakauacha kabisa wakabaki na ule mwembamba usio na thamani kubwa. Wataalamu walisema kwamba ni vijidudu. Kisha wakasema ni joto la maji. Mwisho wakasema ni yote mawili, kwa maana joto humdhoofisha mwani na kijidudu, ambaye siku zote alikuwapo, hupata mlango. Maneno haya yalinikaa moyoni. Nikataka kumwona mfugaji mwingine wa baharini, wa nchi nyingine na wa kiumbe kingine, nisikie kwake yeye maradhi huingia kwa mlango gani. Na baada ya kusoma na kuulizauliza, niliona kwamba hakuna kiumbe kinachofugwa katika bahari ambacho habari zake ni za ajabu kuliko za chaza mkubwa wa Pasifiki.

Tulivuka kwa mashua ya mashine, mawimbi yakija ubavuni njia nzima. Nilikuwa nimechukua mzizi wa yaqona uliofungwa vizuri, kwa kuwa katika nchi ile mgeni haingii mahali mikono mitupu, na baada ya kuutoa mbele ya mkubwa wa mahali na kunywa kwa kifuu, makofi yakapigwa kwa viganja vilivyokunjwa, nikawa nimeruhusiwa kwenda nitakako. Kinywaji chenyewe kina ladha ya udongo na huutia ganzi ulimi; sikukipenda, lakini niliupenda utaratibu.

Chaza hawa ni jamii ya wakubwa na wadogo. Aliye mkubwa kupita wote, Tridacna gigas, hupindukia urefu wa mita 1 na uzito wa kilo 200; katika Fiji alikuwa amekwisha kutoweka kwa kuvuliwa, na walioko sasa ni wa asili ya mbegu zilizoletwa kutoka Australia. Anayefugwa kwa wingi ni Tridacna derasa, ambaye wenyeji humwita vasua dina. Sisi wa pwani ya Kenya na Tanzania tunao wadogo wao wawili, Tridacna maxima na Tridacna squamosa, ambao wavuvi wetu huwaokota kwa kitoweo na magamba yao huuzwa kwa watalii, ingawa tangu 1985 jamii yote hii imewekwa chini ya mkataba wa CITES, na biashara yake kutoka nchi hata nchi haijuzu bila kibali.

Ajabu ya chaza huyu ni chakula chake. Akifungua magamba yake mchana, hutandaza nje nyama laini yenye nakshi za buluu, kijani na dhahabu, kama bwana harusi anayetandaza joho lake akikaa. Na nakshi zile si pambo tupu, maana ndani ya joho hilo wamo mwani wadogo sana wasioonekana ila kwa hadubini, maelfu kwa maelfu, ambao kwa nuru ya jua hutengeneza sukari na kumpa mwenyeji wao sehemu kubwa ya riziki yake. Zamani ilidhaniwa kwamba mwani hao wametapakaa tu katika damu ya chaza. Mwaka 1992 ndipo Norton na wenzake walipoeleza kwamba wamo ndani ya mfumo wa mirija inayotoka tumboni na kujigawanya matawi mpaka ukingoni mwa joho. Juu ya ukingo huo huo yako macho madogo, mamia, yanayotambua nuru na kivuli. Fundi mkuu wa kituo, mtu wa makamo mwenye maneno machache, alinionyesha faida yake: alipitisha kiganja juu ya birika lenye vifaranga vya urefu wa kidole, na mara moja joho zote zikarudi ndani.

"Hivyo ndivyo ninavyowasalimu kila asubuhi," alisema. "Anayechelewa kuitika namwangalia tena. Asiyeitika kabisa namtoa."

Nikamwuliza kama huo ndio uganga wake wote. Akasema kwamba ugonjwa wa chaza una dalili chache mno, nazo hufanana kwa kila ugonjwa: joho hujikunja lisitandazwe, rangi hufifia, magamba hubaki wazi na hufungwa kwa uvivu, kisha mnyama hufa na kunuka. Akiwa ameshambuliwa na bakteria, au na vimelea wa namna nyingine, au amekosa nuru, au amepata maji ya mvua mengi kuliko kiasi, chaza husema neno lile lile moja. Na mfugaji akitaka kujua zaidi, sharti ampasue.

Lakini chaza waliofikia urefu wa kidole wamekwisha kupita bonde la mauti. Mauti yenyewe yako nyuma, katika majuma mawili ya kwanza, na hapo ndipo nilipotaka kumfikisha msomaji.

Chaza mkubwa ni dume na jike kwa pamoja, ila hutoa kwanza mbegu za kiume, kisha mayai. Mfugaji humchagua aliyekomaa, humdunga sindano ya serotonini penye tezi za uzazi, na baada ya dakika chache maji huchafuka kwa weupe kama kwamba mtu amemwaga tui. Sharti wakati huo mtu awe macho, kwa sababu wingu lile la kwanza ni manii, na likiachwa kuzidi huleta madhara mawili: yai moja huingiwa na mbegu nyingi likaharibika, na mbegu zilizosalia hufa zikawa karamu ya bakteria. Kwa hivyo mnyama huondolewa upesi na kutiwa katika maji mengine, safi, angoje kutoa mayai. Chaza mmoja mkubwa huweza kutoa mamia ya milioni ya mayai kwa mara moja, kila yai likiwa na upana wa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Mtu asiyezoea huona hesabu hii akafurahi. Fundi hasemi neno, kwa kuwa anajua kwamba katika mayai 100 hata 1 huenda lisifike kuwa kifaranga.

Siku ya kwanza yai lililorutubishwa hugeuka buu anayeogelea. Siku ya pili huwa ana magamba membamba mawili na kitu mithili ya utaji wenye vinywele, ambao kwao huogelea na kula. Na baada ya juma moja au zaidi huota mguu, akawa mara anaogelea, mara anatambaa, mpaka hutua chini na kuacha kabisa maisha ya kuogelea. Katika muda huo wote hana ule mwani wa kumlisha, maana hakurithi hata mmoja katika yai. Humpasa kumeza mwani kutoka majini, naye mfugaji humsaidia kwa kukata kipande cha joho la chaza mzima, kukisaga, kukichuja na kukimimina katika birika. Tazama basi hatari ilivyo: kitu ambacho bila hicho mtoto hataishi hutolewa mwilini mwa mkubwa na kugawiwa kwa laki za wadogo, na kama mkubwa huyo ana maradhi yasiyoonekana kwa macho, basi yamegawiwa pamoja na riziki.

Habari ya maangamizi nilisimuliwa na fundi huyo kuhusu kituo kingine, ambacho hakukitaja nami sikumwuliza, alikofanya kazi akiwa kijana. Jioni mabuu walikuwa wakizunguka juu ya maji vizuri, na aliyetia tone moja chini ya hadubini aliwaona wakipiga mbio. Usiku wa manane walianza kuzama. Alfajiri chini ya birika palikuwa na utando wa rangi ya maziwa machafu, maji yamepoteza ule uangavu wake na yanatoa harufu, na chini ya hadubini utaji wa kila buu umekatika na kuelea peke yake, vinywele vyake vikiendelea kupigapiga, wakati ndani ya magamba, badala ya mwili, mna vijidudu vinavyochemka na vimelea wakubwa zaidi waliokuja kula mabaki. Birika la jirani, lililotumia maji yale yale na mayai ya mama yule yule, lilikuwa salama hata adhuhuri; jioni nalo likafuata. Ikagundulika baadaye kwamba kijana mmoja alikuwa ametumia ndoo moja kwa mabirika yote mawili.

Maradhi ya namna hii si ya chaza wakubwa peke yao. Watu wa Ulaya na Marekani wafugao chaza wa kuliwa wanayajua tangu zamani, na mara nyingi mkosaji ni bakteria wa ukoo wa vibrio, ambao hukaa katika bahari yote yenye joto, katika maji, katika tope na juu ya ngozi ya kila kiumbe, bila kumdhuru aliye na nguvu. Kwa chaza wakubwa, Sutton na Garrick wa Queensland waliandika mwaka 1993 habari za ugonjwa wa bakteria uwauao mabuu wa Tridacna gigas waliofugwa. Nami nikifikiri juu ya maandiko hayo na juu ya ile ndoo, naona kwamba kumwita bakteria adui aliyevamia si haki kabisa. Mwambani, mabuu hutawanywa na mkondo, buu mmoja huku na mwenziwe kule, na anayekufa hufa mbali na wenzake. Birikani tumewakusanya kwa maelfu katika maji yasiyokwenda, tukawatilia chakula kinachooza, kisha tukastaajabu kwamba mauti yamejua njia. Kijidudu tumemjengea mji sisi wenyewe.

Dawa ipo, na imetumika sana. Katika Palau, ambako Gerald Heslinga na wenzake katika kituo cha Malakal walifaulu kuzalisha chaza kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ambako wafugaji wengi wa Pasifiki walijifunza kazi, antibayotiki zilitiwa katika maji ya mabuu, na mwaka 1992 Fitt, Heslinga na Watson walichapisha maelezo ya matumizi hayo. Simlaumu aliyefanya hivyo, maana ni nani atakayeyatazama mabuu ya mwaka mzima yakioza na huku chupa iko kabatini? Walakini fundi wa Makogai haipendi dawa hiyo, nami baada ya kumsikiliza nimekuwa upande wake. Alisema kwamba dawa huwafanya vijana wake wavivu wa kuosha. Mabirika yanayotegemea dawa husuguliwa nusu, machujio yake hubadilishwa kwa kuchelewa, na vijidudu vilivyosalia ndivyo hasa visivyoogopa dawa, vikangoja msimu ujao. Yeye huyapitisha maji katika chujio la mikroni 1 na chini ya taa ya miale isiyoonekana kwa macho inayoua vijidudu, huwaweka mabuu kwa uchache hata wageni humwuliza kama birika halina kitu, na baada ya kila kizazi huacha birika tupu juani mpaka limekauka na kupauka. Jua la Fiji, alisema, halina bei.

Kuna maradhi mengine ya bakteria, ya wakubwa wala si ya watoto, na haya ndiyo yaliyonifanya nitoke birikani nikapande kilima penye makaburi.

Mwaka huo huo wa 1993 Norton na wenzake walitangaza vifo vya chaza wa jinsi ya Hippopus hippopus katika Pasifiki ya magharibi, ambao matamvua yao, yaliyotiwa dawa ya kuyahifadhi, yakagandishwa katika nta, yakakatwa vipande vyembamba kupita karatasi na kupakwa rangi, yalionekana chini ya hadubini yakiwa na seli zilizovimba, kila moja imejaa donge la rangi ya zambarau. Donge lile ni kundi la bakteria wadogo mno wa jinsi ya riketsia. Hawa si kama vibrio anayeishi popote. Huishi ndani ya seli hai tu. Ukiwatia katika sahani ya maabara yenye mchuzi mzuri kuliko wote hawaoti. Kwa sababu hiyo wataalamu walichagua kusema kwa hadhari kwamba vifo hivyo vilifungamana na bakteria hao, wala hawakusema kwamba vimeletwa nao. Maana kanuni ya kale ya matabibu ni kwamba mtu amtoe kijidudu kwa mgonjwa, amwoteshe peke yake, amtie kwa mzima, na mzima augue ugonjwa ule ule, ndipo apate ithibati. Asiyeoteshwa hashitakiki.

Sasa, kijidudu cha ukoma kina tabia hiyo hiyo. Gerhard Armauer Hansen alikiona Bergen, katika Norway, mwaka 1873, kabla ya vijidudu vingi vijulikanavyo leo, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kukiotesha katika sahani ya maabara. Kwa Makogai jambo hili halikuwa la vitabuni. Miongoni mwa watawa wa Kikatoliki waliowauguza wagonjwa kisiwani alikuwapo Mfaransa mmoja, Marie-Suzanne, ambaye baada ya kuhudumu huko miaka mingi alikwenda Lyon kufanya utafiti juu ya maradhi yaliyokuwa yamewala watu wake mbele ya macho yake, na kutokana na vidonda vya ukoma akaotesha kijidudu kilichopewa jina la Mycobacterium marianum kwa heshima yake. Matumaini yakawa makubwa. Lakini aliyeota katika sahani hakuwa yule anayetafutwa. Alikuwa ni ndugu yake wa mbali, na yule wa ukoma akabaki amejificha ndani ya seli za watu.

Makaburi ya wagonjwa kule kilimani ni zaidi ya 1,000, mengine yana misalaba ya saruji iliyoinama, mengine ni mawe tu, na nyasi huyapita urefu. Chini yake zimesalia kuta za hospitali, na jengo ambalo wagonjwa walioneshwa sinema, maana watu waliishi pale: walilima, walioa, walicheza, kila taifa likiwa na mtaa wake. Kabla ya mwisho wa miaka ya 1940 tiba ilikuwa ni kudungwa mafuta ya chaulmoogra, ambayo yaliuma sana na kuponya kidogo. Kisha zilikuja dawa za salfoni, na kisiwa kikaanza kupungua watu, mpaka mwaka 1969 wachache waliobaki walihamishiwa hospitali ya P. J. Twomey katika Suva. Leo inajulikana kwamba wanadamu walio wengi hawaambukizwi ukoma hata wakikaa na mwenye nao, na kwamba kisiwa hakikuwa lazima. Nilimwambia fundi jioni ile kwamba inanichoma kuona neno karantini likitumiwa kila saa katika kituo chake, juu ya ardhi ambayo karantini ilimtenga mtoto na mama yake.

Alinyamaza, akatengeneza utambi wa taa yake, kisha akasema: "Bibi yangu mzaa mama alikuwa na dada aliyeletwa hapa. Hakurudi. Nami siku ya kwanza nilipoambiwa nimtenge chaza, moyo wangu ulikataa. Lakini, ndugu mgeni, chaza hana mama wa kumlilia. Na mtu alitengwa kwa kuogopwa. Mimi chaza simwogopi, bali nina shaka naye tu, na shaka yangu ina tarehe ya kwisha."

Sikuwa na jibu, wala sasa sinalo, ila nadhani tafauti aliyoitaja ni ya kweli. Hata hivyo nisingependa msomaji adhani kwamba karantini ya chaza ni jambo dogo. Miaka ile ambayo kila nchi ya Pasifiki ilitaka kurudisha chaza waliokwisha, vifaranga vilisafirishwa kwa ndege kutoka Australia, Palau na visiwa vya Solomon hata nchi zilizokuwa mbali mno, na kila kasha lilibeba, pamoja na chaza, maji ya bahari ya kwao na kila kilichomo ndani ya matamvua yao. Riketsia haionekani kwa kupitisha kiganja. Chaza aliyeibeba kidogo huitika kivuli kama mwenziwe, hula, hukua, na hufa pale tu atakapobanwa na joto, au msongamano, au safari yenyewe. Na ndipo tunaporudi kwenye mwani wa Unguja, ambao nao haukuuawa na mgeni, bali na mkazi wa siku zote aliyepata nafasi.

Maadui wengine wa chaza nitawapita haraka. Wako konokono wa aina ya Cymatium wanaojipenyeza ndani ya kasha la baharini wakiwa wadogo sana na kumla chaza aliye mkubwa kuliko wao. Wako konokono wengine wadogo kama punje ya mchele wanaofyonza damu ya joho. Wako vimelea wasio bakteria, kama yule wa jinsi ya Marteilia aliyepatikana katika figo ya Tridacna maxima hapa hapa Fiji. Na juu ya wote hao iko tufani: mnamo Februari 2016 ile iliyoitwa Winston ilipita juu ya visiwa hivi kwa upepo ambao Fiji haikupata kuuona, ikaliharibu vibaya jengo la kituo pamoja na mabirika na mabomba. Fundi aliitaja kwa maneno matatu. Ya tufani, alisema, kila mtu huyaona na fedha huletwa. Ya bakteria humpata mtu peke yake usiku wa manane, na asubuhi huulizwa alifanya nini.

Siku ya kuondoka kwangu ilifika mashua kutoka kijiji kimoja cha kisiwa cha jirani, ambacho wazee wake walikuwa wamekifunga kipande cha mwamba kisivuliwe, nao wanataka kupanda chaza humo. Mjumbe wao alikuja na makasha manne na magunia yaliyolowa maji ya bahari ya kuwafunika. Vifaranga vilivyokuwa tayari vilijaza makasha mawili. Katika birika la pili walikuwapo wengine wa umri ule ule, wazuri, wenye kuitika kivuli upesi, lakini kizazi chao kilikuwa kimechanganywa mwani uliotoka kwa chaza mwingine, na hawajatimiza muda wa kuangaliwa.

Mjumbe alisihi. Alitaja bei ya petroli, akataja wazee wanaongoja na ngoma iliyoandaliwa. Akataka angalau wale wa birika la pili wawekwe katika kasha moja na wenzao, nusu kwa nusu. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akakataa. Binti mmoja anayefanya kazi ya hadubini alitoa vifaranga vichache vya birika lile, akavitia katika chupa yenye dawa ya kuhifadhi, akabandika karatasi yenye tarehe na namba ya birika ili vipelekwe maabara, na mjumbe akamwuliza majibu yatarudi lini. Alipoambiwa kwamba ni majuma kadhaa, alicheka kwa hasira, akayapakia makasha yake mawili yaliyojaa na mawili matupu, akamwambia fundi kwamba safari ijayo yeye ndiye atakayelipa petroli. Fundi akasema vema, atalipa. Na akamwonya asiyamwagie magunia maji ya mvua njiani.